Rumba, taarab, reggae na singeli kwenye miksi moja: nifanyeje wenzangu wasiikimbie?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi nakaa Tabata Kimanga. Tuna kundi letu la wapenzi wa muziki, na kila mwezi mmoja wetu anatengeneza miksi ya saa moja na kuwarushia wenzake kwa WhatsApp. Zamu iliyopita niliweka kila ninachokipenda: zilipendwa za bendi zetu, Cuba, Ethiopia, reggae, singeli, taarab, mpaka Siti binti Saad. Orodha nimekuambatanishia. Watu wawili tu ndio waliofika mwisho, na mmoja wao akaandika kwamba nimewapakulia uji na kachumbari kwenye sahani moja. Zamu yangu inarudi mwezi ujao. Je, nipunguze aina za muziki? Faili nalo lina maneno: wengine wanasema linakula bando, wengine wanasema sauti inakwaruza. Na je, niongee katikati kama wanavyofanya madijei?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Aina za muziki usipunguze hata moja. Punguza nyimbo. Kwenye orodha yako nimehesabu 23 ndani ya dakika 60. Gawanya mwenyewe: kila wimbo umepata dakika mbili na nusu na ushee. Sasa nioneshe wimbo wa dansi wa bendi zetu za miaka ya 1970 ambao unakuwa umeshasema neno lake ndani ya dakika mbili na nusu.

Unajua zilivyotungwa. Magitaa yanafungua, mwimbaji anaingia na beti zake taratibu, kisa kinasimuliwa, waitikiaji wanajibu. Ukianza kudhani wimbo unaelekea kuisha ndipo wanapogeuza: tumba zinabadilika, gitaa la solo linashika kifungu kimoja kifupi na kukirudiarudia, tarumbeta na saksafoni zinajibizana nalo, na maneno yanabaki mawili matatu. Hilo ndilo chemko. Kwenye ukumbi watu walikaa mezani wakisikiliza kisa, na chemko ndilo lililowainua vitini. Wewe umewakata wenzako wakiwa bado wamekaa. Nyimbo nane za namna hiyo ziko kwenye orodha yako, na kwa dakika ulizozipa sidhani kama kuna hata moja iliyofika huko.

Hapo pana mtego mwingine ambao pengine si kosa lako. Rekodi nyingi za wakati huo zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na bendi zetu zilikuwa zikienda Nairobi kurekodi na kuchapiwa. Upande mmoja wa santuri ile haukutosha wimbo mrefu, kwa hiyo waliugawa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili, yenye chemko, upande B. Waliokuja kuziingiza kwenye kompyuta miaka ya baadaye mara nyingi walichukua upande A wakaona kazi imekwisha. Ukisikia wimbo unafifia ghafla mwimbaji akiwa kwenye ubeti, jua una nusu. Itafute sehemu ya pili uziunganishe. Ukikosa, chagua wimbo mwingine. Nusu wimbo usimpelekee mpenzi wa muziki, atakuuliza mwisho wake.

Basi kwa saa moja weka nyimbo 11 au 12. Najua inauma kuacha nyingine nje. Zamu yako itarudi tena.

Sasa tuje kwenye uji na kachumbari. Huyo mwenzako hakukosea, ila dawa yake siyo kuondoa kimojawapo. Kanuni ninayoitumia mimi ni moja: nyimbo mbili zinazofuatana lazima ziwe na kitu kimoja kinachosikika ambacho zote mbili zinacho. Nasema kinachosikika. “Zote ni za Afrika” hakisikiki. “Zote ninazipenda” ndiyo kabisa. Kitu chenyewe kinaweza kuwa chombo, kipigo, sauti ya mtu, hata ukwaruzo wa santuri. Msikilizaji hahitaji kukitambua kwa jina. Sikio lake litakishika lenyewe, na akishashikwa na sikio utampeleka popote. Wimbo wa tatu si lazima ufanane na wa kwanza. Ndiyo maana mtu anaweza kuanzia Dodoma akaishia Jamaica bila kustuka.

Nimechukua vitu vyako vilevile nikavipanga upya ili uone ninachosema.

Ulifungua na singeli. Sawa, ni ya nyumbani, lakini ukishaanza na mwendo wa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kila kitakachofuata kitaonekana kimesinzia. Fungua na yule Hukwe Zawose uliyemficha namba 17. Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, anapiga ilimba: vijiti vya chuma juu ya sanduku la mbao, vinaguswa kwa vidole, na kila noti inatoka na mvumo mdogo wa kukereza. Kisha mlete Mulatu Astatke wa Ethiopia. Chombo chake kikuu ni vibrafoni, nacho ni chuma: vipande vinavyogongwa kwa vijiti vyenye vichwa laini. Chuma kwa chuma. Zaidi ya hapo, wote wawili wamesimama kwenye ngazi za noti tano, ingawa si zilezile. Wagogo wana mpangilio wao na Waethiopia wana yao, tizita, bati na nyinginezo. Sikio litasikia ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Miksi yako ya kwanza ilimweka Mulatu baada ya reggae na kabla ya taarab. Kule hakuwa na wa kuongea naye.

Kutoka kwa Mulatu kwenda Cuba njia ni fupi, kwa sababu Mulatu mwenyewe alipokuwa Marekani miaka ya 1960 alirekodi muziki wenye mapigo ya Kilatini, na kongas zake bado zipo kwenye kazi nyingi za baadaye. Zitumie hizo kongas kama daraja. Ukifika Cuba ndipo utajiri ulipo, na hapo nakuomba utulie kidogo, usipite mbio.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri za Cuba zilizowekewa herufi GV, zikasambazwa Afrika. Trio Matamoros, Sexteto Habanero na wenzao wakaingia bandari zote, Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Dar es Salaam zikiwemo. Vijana wa hapa hawakujua Kihispania, lakini kipigo walikielewa mara moja: vile vipigo vitano vinavyogawanyika vitatu na viwili, ambavyo Wacuba wanavigonga kwa vijiti viwili vya mbao. Angalia majina waliyojipa. Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba. Ukimpiga Trio Matamoros halafu Salum Abdallah, hakuna haja ya kueleza chochote. Miaka ishirini na ushee na bahari nzima vinarukwa ndani ya sekunde mbili. Salum alifariki mwaka 1965, na rekodi zake ni fupi, kwa hiyo zinakaa vizuri mahali hapa: msikilizaji anapumua kabla hujamwingiza kwenye nyimbo ndefu.

Ukitoka Morogoro ingia Dar. Kwenye orodha yako una NUTA Jazz, Mlimani Park na Orchestra Safari Sound, lakini umezitawanya namba 3, 11 na 20. Zote tatu zina mtu mmoja ndani yake: Muhiddin Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Akaondoka mwaka 1978 kwenda kuianzisha Mlimani Park pamoja na wenzake. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound. Mwishowe akarudi Msondo, yaani NUTA ileile kwa jina jingine, alikotoka. Chukua mbili kati ya hizo tatu, uziweke zifuatane. Uzi hapo ni sauti ya Gurumo, na wenzako wenye masikio watasikia kitu kitamu: mwimbaji ni yuleyule, lakini magitaa nyuma yake yamebadilika. NUTA wanapiga kwa kujibana, kila chombo kinafuata njia yake ndogo. Mlimani wanamwaga, solo na ridhim zinafumana mpaka hujui ipi ni ipi. Mabishano ya Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, mjini hapa hayajawahi kuisha, na wewe utayaamsha kwenye kundi bila kuandika neno. Nakuahidi waliokaa kimya mwezi mzima watajitokeza.

Hapo ukiwa umeshatumia nusu saa, acha sekunde tatu nne za ukimya. Zamani kanda ya dakika 90 ilikuwa na dakika 45 kila upande, na mpangaji mzuri alijua wimbo wa kufunga upande A una kazi tofauti na wa kufungua upande B. Faili halina pande, lakini msikilizaji bado anachoka. Mtu anayesikiliza akiwa kwenye foleni ya Buguruni anahitaji mahali pa kusitisha na kuendelea jioni.

Upande wa pili ndio ulionifurahisha kuupanga, kwa sababu hapa ndipo reggae na singeli zako zinapokutana, nawe ulidhani haziwezi. Mwaka 1985 Jamaica ilitokea rekodi ya Wayne Smith, “Under Mi Sleng Teng”, iliyotengenezwa na King Jammy. Mdundo wake wote ulitoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, MT-40, chombo cha bei nafuu kilichokusudiwa watu wa kujifunzia nyumbani. Walibonyeza mdundo uliokuwa tayari ndani yake, wakaupunguza mwendo, na dancehall ya Jamaica ikageuka kutoka bendi kwenda mashine. Miaka michache baadaye, huku kwetu Mwananyamala na vitongoji vya jirani, vijana wasio na fedha za magitaa wakachukua vinanda vidogo vya Casio vilevile, wakavipitisha kwenye vipaza sauti vilivyozidiwa mpaka vinapiga kelele, wakaongeza ngoma za mkono na mwimbaji anayemwaga maneno ya mtaani bila kupumua. Huo ni mchiriku. Jagwa Music ndio waliopeleka sauti hiyo Ulaya, na albamu yao ya mwaka 2012 inapatikana kwa urahisi. Ipige reggae ile, iache imalizie kwa kinanda, kisha ingiza Jagwa. Mwendo utapanda sana, lakini sauti ya kile kinanda cha plastiki itawashika mkono.

Kutoka mchiriku kwenda singeli hakuna kazi, ni mama na mwana. Manzese, Tandale, Mburahati. Kompyuta imechukua nafasi ya Casio na mwendo umezidi kuchemka. Studio ya Sisso ya Mburahati ilijulikana nje baada ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wao mwaka 2017. Nyimbo mbili za singeli zinatosha kwenye saa moja. Na ziweke hapa, kwenye theluthi ya tatu, siyo mwisho kabisa. Watu wengi wanadhani wimbo wa kasi zaidi ndio wa kufungia. Ukifanya hivyo unamwachia mtu moyo unadunda na hana pa kwenda.

Kushuka ndiko kugumu. Kutoka singeli mimi ningeenda kwa Bi Kidude, lakini siyo Bi Kidude wa taarab kwanza, Bi Kidude wa unyago, akiwa na ngoma yake ya msondo. Singeli imekulia kwenye vigodoro, sherehe za usiku za mitaani. Unyago nao ni shughuli ya wanawake, ngoma na nyimbo zenye maneno makali. Uzi hapo ni ngoma na waitikiaji. Baadaye mlete akiimba taarab, na Bi Kidude alikuwa mrithi wa nyimbo za Siti binti Saad, kwa hiyo Siti mwenyewe anafuata bila kubisha hodi. Rekodi za Siti za Bombay zilianza mwaka 1928, kwenye santuri za mizunguko 78 zisizobeba zaidi ya dakika tatu hivi kwa upande. Mwachie zote. Usijaribu kusafisha ule ukwaruzo kwa programu; ukiuondoa wote, na sauti yake inaondoka nao.

Una Umm Kulthum pia, kipande cha dakika mbili kilichokatwa katikati ya wimbo wa karibu saa. Mtoe. Ukitaka ladha ya Misri weka bashraf moja ya vikundi vya Unguja, ile ya vyombo vitupu bila mwimbaji, kati ya Bi Kidude na Siti. Qanun, udi na fidla zitatosha kusema Cairo, na hutakuwa umemkosea heshima bibi yule.

Kuhusu kuunganisha. Naona umetumia kitufe cha programu kinachosawazisha mapigo yenyewe. Kizime kwa bendi zote za zamani. Wale hawakupiga kwa kufuata saa ya mashine. Waliingia studio, mara nyingi ile ya Radio Tanzania barabara ya Pugu, wakapiga wote kwa pamoja kwa mkupuo mmoja. Chemko likikolea mwendo unapanda wenyewe. Programu inapojaribu kunyoosha hilo, gitaa la Mbaraka Mwinshehe linatoka limelowa maji. Mahali pake acha wimbo umalizike, kisha mwingine uanze kwenye pigo ambalo mguu wako ungelitegemea. Gonga meza kwa kidole, wimbo uishe huku ukiendelea kugonga, na pigo linalofuata ndilo la kuingizia. Hakuna mashine itakayokushinda kwa hilo.

Singeli ni kitu kingine. Imezaliwa kwenye kompyuta, mwendo haubadiliki, isawazishe utakavyo. Tena kumbuka kwamba singeli ya mapigo 220 ukiihesabu nusu ni 110, na 110 ni mwendo wa kawaida kabisa wa kucheza. Siku ukitaka kuibandika singeli moja kwa moja kwenye dansi, mlango ni huo.

Kagua pia kasi ya kanda. Nyimbo zako mbili za Marijani Rajab zinasikika kana kwamba kaimba akiwa darasa la saba. Kanda ilichezwa kwenye deki iliyokuwa ikikimbia. Asilimia 6 ya mwendo ni nusu toni nzima. Tafuta nakala nyingine ya wimbo huohuo ulinganishe, kisha rudisha kasi na sauti kwa pamoja, siyo kasi peke yake.

Sasa huo ukwaruzo wanaolalamikia. Nadhani ulipandisha sauti ya nyimbo za zamani mpaka zikagonga dari. Nyimbo za leo zimeminywa ili ziwe na sauti kubwa muda wote. Za zamani zina kilele kimoja cha ngoma na sehemu kubwa iliyo chini. Ukiiambia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ilinganishe vilele, wimbo wa mwaka 1972 utabaki mdogo kwa sababu kilele chake kimeshafika juu. Ukiulazimisha, unapasuka. Fanya kinyume: teremsha singeli na bongo fleva zije zikutane na za zamani. Ndani ya Audacity kipo kipimo cha ukubwa unaosikika, kinaitwa LUFS. Weka kila wimbo kwenye 16 hasi na uache kilele cha juu kabisa kisizidi desibeli 1 hasi. Baadaye rekebisha kwa sikio, kwa sababu kipimo hakijui kwamba Siti binti Saad anasikika mbali hata namba zikisema yuko karibu. Mpandishe kidogo.

Halafu jaribu kwenye vitu vitatu: hedifoni, sabufa ya sebuleni, na spika ya simu yenyewe. Spika ya simu haina besi kabisa, na nusu ya kundi lako wanasikilizia hapohapo wakipika. Kama mpito wako unategemea besi, kwao haupo. Gitaa la solo, sauti ya mtu, tarumbeta na kinanda cha Casio vinapenya popote, na ndiyo sababu nyingine ya kufunga nyuzi zako hapo.

Faili lenyewe ni hesabu tu. MP3 ya kilobiti 320 inakupa karibu MB 144 kwa saa. 192 ni kama 86. 128 ni kama 58. Kwa kundi lako tuma ya 192 na, kwa wenye bando la kubana, ya 128. Itume kama dokumenti, WhatsApp inapokea mafaili hadi GB 2, na usirekodi kabisa kama ujumbe wa sauti. Ule umetengenezwa kwa ajili ya maongezi na utaichinja miksi. Nakala kuu itunze kwa WAV au FLAC kwenye flashi. Kila ukifungua MP3, ukaihariri na kuihifadhi tena kama MP3, inapoteza kitu, na nyimbo zako nyingi zilikuwa zimeshapoteza kabla hazijakufikia. Mkikutana ana kwa ana, rushianeni kwa zile programu za Wi-Fi zisizotumia bando. Na mgao mkubwa wa muziki mjini hapa kwa miaka mingi umepita kwenye vibanda vya Kariakoo vya kujaziwa flashi, kwa hiyo asikudharau mtu kwa kutumia flashi.

Pamoja na faili tuma orodha. Dakika wimbo unapoanzia, mwimbaji au bendi, mwaka kama unaujua kwa hakika, na ulikoipata. Wapenzi wa muziki wanasamehe mpito mbaya. Jina la uongo hawalisamehi. Jihadhari hasa na bendi zilizobadili majina: NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na mtandaoni kila kitu kimeandikwa Msondo, hata kilichorekodiwa kabla jina hilo halijawa la bendi. Usichokijua kiandike “sijui”. Kwenye kundi la watu kama nyinyi, hilo neno moja linaleta majibu kuliko swali lolote, na kuna mzee wa mtu atakayepigiwa simu usiku huohuo.

Kurushiana ndani ya kundi la marafiki ni jambo dogo. Kuiweka hadharani ni jambo jingine: hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA ndio wasimamizi, na familia za wanamuziki wengi wa hizi bendi bado zipo, baadhi hazijaona senti. Ukitaka kutoa nje ya kundi, Mixcloud imejengwa kwa ajili ya miksi ndefu na ina mikataba na wenye haki, ingawa inaweka mipaka ya nyimbo ngapi za msanii mmoja uweke. Kuuza, hapana.

Umeuliza kuhusu kuongea. Dijei wa harusi anaongea kwa sababu kuna bibi harusi wa kusifiwa na meza ya kuita kwenye chakula. Wewe huna hayo. Sema kwenye sekunde kumi na tano za mwanzo tu: jina lako, mwezi, na kwamba orodha ipo. Usiongee juu ya gitaa, na ile sauti ya king'ora uliyoiweka kila baada ya nyimbo tatu ifute leo kabla hujasahau. Kama kuna kisa lazima ukisimulie, mfano hicho cha Casio, kiandike chini ya orodha mistari mitatu. Atakayetaka atasoma, na asiyetaka atakuwa tayari yuko kwenye mchiriku.